Nani Amelifanya Zulia Hili?



Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London limetandazwa zulia la sufu ambalo wajuzi wengi hulihesabu kuwa miongoni mwa mazulia mazuri kupita yote duniani. Huitwa Zulia la Ardabil, kwa jina la mji wa Uajemi lilikotoka. Urefu wake unapita mita 10 na upana wake unapita mita 5, na mafundo yake, yaliyofungwa kwa vidole moja moja, hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni 25. Kwenye ncha yake moja pamefumwa maneno machache, na mwisho wa maneno hayo upo mwaka, 946 wa Hijra, yaani kama 1539 au 1540 kwa hesabu yetu, pamoja na jina la mtu mmoja: Maqsud wa Kashan, ajiitaye mtumishi wa kizingiti.

Mtu mmoja, na mafundo milioni 25! Nilikuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka mingi, basi mniwie radhi nikiifanya hesabu hiyo. Mtu akifunga mafundo 10 kwa dakika, saa 8 kwa siku, akapumzika siku moja tu kila juma, atahitaji zaidi ya miaka 16 kulimaliza. Tena yalifumwa mawili yanayofanana. La pili, ambalo lilikatwakatwa ili kulitengeneza mwenzake, liko Los Angeles huko Marekani. Ni wazi kwamba Maqsud hakuketi peke yake kwenye kitanda cha mfumi. Huenda yeye ndiye aliyetoa mchoro, au ndiye aliyeisimamia kazi. Waliofunga mafundo walikuwa wengine, wengi, nao hawakutajwa.

Swali langu la mwezi huu ndilo hilo. Mchoro ukiwa wa mtu mmoja na ufumaji ukiwa wa watu wengine, ni nani aliyelifanya zulia? Na wale wengine, wakiisha kulipwa ujira wao, je, twabaki na deni lolote kwao?

Wasiopata kuona kitanda cha mfumi kikifanya kazi huenda wakadhani kwamba mchoro ukiisha kutolewa, yaliyobaki ni ya vidole tu. Sivyo. Nasema hapa juu ya ufumaji wa bapa, usio na manyoya. Zulia la mafundo lina taabu zake nyingine. Kwanza nyuzi za mtande hutandwa na kukazwa barabara kama nyuzi za zeze. Halafu nyuzi za sufu zenye rangi, ndizo mshindio, hupitishwa kwa kukatiza, juu ya mmoja, chini ya mwingine, na kushindiliwa kwa chanuo hata mtande usionekane tena. Sasa fikirini. Mchoraji huchora duara kwa mzunguko mmoja wa mkono. Mfumaji hana duara, ana ngazi. Hana budi kulijenga lile duara kwa vidaraja vidogo vidogo, na ni yeye aamuaye kidaraja hiki kiwe cha nyuzi mbili na kile cha nyuzi tatu, hata jicho la mtazamaji lidanganyike na kuona mstari umezunguka bila kukatika. Mahali rangi mbili zikutanapo kwa kusimama wima, panabaki ufa. Ni yeye aamuaye kama aufunge kwa kuzishikanisha nyuzi, au aushone baadaye, au auache uonekane kama mstari mwembamba wa kivuli. Mchoraji akitaka rangi iliyo kati ya buluu na kijani, huchanganya katika kisahani. Mfumaji huchukua nyuzi nyembamba mbili tatu za rangi mbalimbali, akazipitisha pamoja, akitumaini kwamba macho ya mtu aliye mbali yatazichanganya yenyewe. Mchoraji akigundua kosa kesho yake, hupaka juu yake. Mfumaji hufumua kazi ya siku nzima. Tena katika karakana nyingi hufuma kwa upande wa nyuma, na sehemu iliyokwisha kufumwa huviringishwa kwenye mti wake, asiione tena hata siku ya kuishusha.

Mtu afanyaye maamuzi mengi namna hiyo tangu asubuhi hata jioni, twawezaje kusema kwamba alikuwa mkono tu wa mtu mwingine?

Tutazame mfano ulio karibu nasi Waanglikana. Kanisa Kuu la Coventry huko Uingereza liliteketezwa kwa mabomu usiku wa tarehe 14 Novemba 1940. Jipya lilijengwa kando ya magofu ya lile la zamani, likawekwa wakfu tarehe 25 Mei 1962. Ukutani nyuma ya altare limetundikwa pazia kubwa la sufu lenye sura ya Kristo ameketi katika utukufu wake, na kati ya miguu yake amesimama mtu wa kimo cha kawaida, mdogo kabisa. Pazia hilo lina urefu wa mita 23 hivi kwenda juu, upana wa mita 12 hivi, na uzito wake unapita tani moja. Mchoro wake ni wa Graham Sutherland, naye aliutaabikia kwa miaka kadhaa. Lakini lilifumwa Ufaransa, katika mji mdogo wa Felletin, kwenye karakana ya Pinton, na wafumaji wake walikuwa wanawake 12. Katika ukoo wetu wa imani watu waendao Coventry hurudi wakisema wameona pazia la Sutherland. Mimi sijasikia hata mmoja aliyesema ameona pazia la wale wanawake wa Felletin.

Wala desturi hiyo si ya juzi. Mwaka 1515 Papa Leo wa Kumi alimwagiza Raphael michoro ya maisha ya Mitume Petro na Paulo kwa ajili ya kanisa lake la Sistina huko Roma. Michoro ikapelekwa Brussels, kwa Pieter van Aelst na wafumaji wake, ikakatwa vipande virefu ili iweze kuwekwa kwenye vitanda vya mfumi. Mapazia saba ya kwanza yalitundikwa tarehe 26 Desemba 1519. Gharama ya kufuma ilizidi mara nyingi ujira aliolipwa mchoraji, kwa maana palitumika sufu, hariri na nyuzi za dhahabu, na kazi ya mikono mingi. Fedha zilijua nani amefanya kazi. Sifa zikaenda kwingine.

Jambo hili limetufikia hata sisi. Wengi wenu mmeliona zulia jipya lililo mbele ya altare. Mchoro wake ulitolewa na kijana mchoraji wa hapa mjini, na ni mchoro mwema. Sufu ni ya kondoo wa nyanda za juu za Kenya, na ufumaji ni wa kikundi cha akina mama wa huko huko. Fedha zilitolewa na mfadhili mmoja, Mungu ambariki. Halmashauri ya kanisa ilipokaa kupanga maneno ya kibao cha shaba kitakachowekwa ukutani, yalitajwa majina mawili: la mfadhili na la mchoraji. Mimi nikauliza juu ya akina mama. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, ambaye tulikuwa pamoja chuo cha ualimu, akanijibu akicheka, "Mwalimu mwenzangu, wale wamelipwa. Shilingi zao wamekwisha kuzila. Unawatakia nini tena?"

Si jibu la kupuuzwa. Mzee huyu aliongeza kwamba waashi waliojenga kanisa letu hawakuandikwa majina ukutani, na kwamba Bwana wetu mwenyewe alifundisha mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Nimeyafikiri maneno yake kwa majuma kadhaa, nami nitayajibu hapa kwa heshima, maana najua huusoma ukurasa huu kabla ya matangazo ya ndoa.

Kuhusu ujira, ni kweli umelipwa, na ni wajibu wa kwanza. Afadhali mfumaji alipwe vizuri na asitajwe, kuliko atajwe kwa mbwembwe na kulipwa nusu. Lakini ujira ni malipo ya saa na taabu ya mtu. Jina si malipo. Jina ni ushahidi. Tunapoandika ukutani kwamba zulia hili ni kazi ya fulani, tunatoa ushuhuda mbele ya watu wote watakaoingia humu kwa miaka mia, na tumeamriwa tusishuhudie uongo. Mchoraji naye amelipwa. Mbona hakuna aliyesema jina lake lisiandikwe?

Kuhusu unyenyekevu, mfumaji akisema mwenyewe, "Msinitaje, nimefanya kwa utukufu wa Mungu," basi tumsikie na tumheshimu. Ila mimi siwezi kuwa mnyenyekevu kwa niaba yake. Unyenyekevu ni sadaka, na sadaka hutolewa na mwenye mali.

Na waashi je? Hapo Mzee amenishika kidogo. Lakini namwomba siku moja aende nje asome jiwe la msingi. Lina jina la mgeni wa heshima aliyeweka jiwe moja, tena jiwe lililokwisha kuandaliwa na fundi, na chokaa yake tayari.

Kuna jambo jingine ambalo halikusemwa kikaoni, nami naliona ndilo kubwa. Watu watasema kwamba mababu zetu hawakuandika majina kwenye kazi zao. Kweli. Bibi yangu mzaa mama alisuka mikeka maisha yake yote, wala sikuona hata mmoja wenye jina lake. Lakini jina la nini? Sisi watoto tuliweza kuutazama mkeka uliotandikwa msibani tukasema, huu ni wa bibi, ule ni wa mama fulani wa ng'ambo ya mto, kwa namna ukili ulivyokazwa, kwa upana wake, kwa jinsi alivyopenda kuiweka rangi ya zambarau karibu na ile nyekundu. Kila aliyeketi juu yake alimjua msukaji, na akimkuta njiani alimshukuru au alimlaumu. Kazi ile haikuwa na jina kwa sababu haikulihitaji. Mkeka ule ule ukipakiwa kwenye lori ukauzwa mji wa mbali, haunyamazi tena kwa namna ile ya kwanza. Sasa aliyeusuka amepotea kabisa. Basi wanaosema, "Tuache kama zamani," hawaachi kama zamani. Zamani mtu alijulikana bila kuandikwa. Leo asipoandikwa hajulikani.

Na mtu asiyejulikana ni rahisi kumwumiza. Mtaniruhusu nitaje habari ya huzuni. Huko Pakistani, karibu na Lahore, alizaliwa mtoto wa jamaa ya Kikristo, jina lake Iqbal Masih. Alipokuwa na miaka 4 aliwekwa rehani kwa mwenye karakana ya mazulia kwa ajili ya mkopo wa rupia 600. Akafuma akiwa amefungwa minyororo, deni likazidi kukua badala ya kupungua. Alipata kutoka akiwa na umri wa miaka 10 hivi, akaanza kuwatetea watoto wenzake, na mwaka 1994 alikwenda Sweden na Marekani kuwaeleza watu wa huko ni nani wafumao mazulia wanayoyakanyaga. Tarehe 16 Aprili 1995, nayo ilikuwa siku kuu ya Pasaka, aliuawa kwa risasi kijijini. Alikuwa na miaka 12 hivi. Sidai kwamba jina likiandikwa nyuma ya zulia mnyororo hukatika. Lakini yaangalieni yaliyofanyika huko India: mwaka 1994, kwa juhudi za Kailash Satyarthi na wenzake, ilianzishwa alama ya RugMark, ambayo siku hizi huitwa GoodWeave. Kila kibandiko kina namba, na kwa namba hiyo zulia laweza kufuatwa kutoka dukani Ulaya hata kufika kwenye kitanda cha mfumi lilikofumwa. Yaani, ili kumwokoa mtoto, jambo la lazima lilikuwa kuweza kuuliza: nani alikuwa ameketi hapa?

Kwa kuwa nimewataja watoto na ufumaji pamoja, yafaa nieleze pia habari ya namna nyingine, isije ikadhaniwa kwamba kitanda cha mfumi ni kitu kiovu chenyewe. Karibu na piramidi za Giza, nchini Misri, kiko kijiji cha Harrania. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Ramses Wissa Wassef, msanifu majengo na Mkristo wa Kanisa la Kikopti, pamoja na mkewe Sophie, walianza huko karakana ya kufuma kwa ajili ya watoto wa wakulima. Aliweka masharti matatu. Pasiwe na mchoro wa kufuatwa; pasiwe na kuiga sanaa za kutoka nje; wala mtu mzima asiikosoe kazi ya mtoto. Mtoto aliketi mbele ya mtande mtupu na kufuma alichokuwa nacho kichwani: mitende, bata, punda, mto uliojaa samaki. Nao walilipwa kwa kazi zao. Sisi tuliosomea ualimu tutashtuka, kwani tulifundishwa kuchora mfano ubaoni na watoto wanakili, na aliyekaribia zaidi akapata alama nyingi zaidi. Wissa Wassef aliamini kwamba kila mtoto huzaliwa na uwezo wa kuumba, na kwamba mwalimu ndiye mara nyingi auzimaye. Sikubaliani naye katika yote. Mtoto asiyekosolewa kamwe siku moja atakosolewa na dunia, na dunia haina huruma. Lakini matokeo yake hayabishaniki. Watoto wale walikua, wengi wakaendelea kufuma hata utu uzima wao, na kazi za kina Karima Ali, Garia Mahmoud na Ali Selim zimesifiwa nchi nyingi kwa majina yao wenyewe. Wissa Wassef alifariki mwaka 1974. Mwaka 1983 kituo chake kilipewa Tuzo ya Aga Khan ya usanifu wa majengo.

Nimeitaja Harrania kwa sababu inamjibu yule asemaye kwamba mfumaji wa kijijini hawezi kitu mpaka aongozwe na mchoraji. Anaweza. Basi anapokubali kuufuata mchoro wa mwingine, hafuati kwa kukosa akili yake, ameiazimisha.

Hata pale mchoraji na mfumaji wanapokuwa watu wawili, haki yaweza kutendeka bila shida kubwa. Wanavajo, wenyeji wa asili wa Arizona na New Mexico huko Marekani, wamekuwa wafumaji mashuhuri wa sufu tangu walipopata kondoo kutoka kwa Wahispania. Kuanzia mwaka 1979 bibi mmoja wa New York, Gloria Ross, aliwapelekea michoro ya mchoraji Kenneth Noland ili waifume. Katika habari za kazi hizo hutajwa Noland aliyechora, Ross aliyewaunganisha, na mfumaji mwenyewe, kama vile Sadie Curtis au Mary Lee Begay. Majina matatu kwa kazi moja, wala sifa ya mchoraji haikupungua kwa hilo.

Mzee wangu aliniuliza mwishoni, na hapa aliuliza kweli, si kwa utani: "Utaishia wapi? Utamwandika na aliyemnyoa kondoo?" Nilikwenda nyumbani nikafungua kitabu cha Kutoka, mlango wa 35, panapoelezwa ujenzi wa maskani. Wametajwa wawili kwa jina, pamoja na baba zao na kabila zao: Bezaleli wa Yuda, na Oholiabu wa Dani, ambaye alikuwa fundi wa kutarizi na kufuma. (Walimu wastaafu tufurahi: imeandikwa kwamba wote wawili walipewa pia moyo wa kufundisha.) Lakini kabla yao wametajwa wanawake waliosokota kwa mikono yao nyuzi za buluu na za zambarau na nyekundu, na wengine waliosokota singa za mbuzi. Majina yao hayapo. Walakini mwandishi hakuweza kuwapita; amesema walikuwa wanawake, amesema walisokota nini, na amesema walikuwa na hekima mioyoni. Ningependa zaidi angetuachia majina. Hata hivyo ametuonyesha mahali pa kuanzia: hekima ya mtu ikiwa imeingia ndani ya kitu, mtu huyo asifichwe. Mnyoa kondoo ataniwia radhi, ingawa na yeye, nikijua jina lake, sitalinyima nafasi.

Kwa idhini ya mchungaji nimewaandikia akina mama wale kuuliza kama wapenda kutajwa. Jibu limefika. Wamefuma saba. Mmoja ameomba asitajwe, naye hakueleza sababu, wala si juu yetu kuiuliza. Mwingine ameomba liandikwe jina lake la ubatizo peke yake. Halmashauri itakaa tena mwezi ujao, na kila mshiriki mwenye maoni ayafikishe kwa katibu kabla ya hapo. Fundi wa shaba anasema kibao kina nafasi ya mistari mitano tu. Nimepima kwa rula: majina manane, yaani ya mfadhili, mchoraji na akina mama sita, yanaenea, mradi herufi zipunguzwe kidogo na maneno "kwa hisani ya" yaondolewe.